Mjomba Usukani: Mawe ni Mawe, na Samaki ni Samaki

Safu ya maswali ya safari za gari. Anayejibu ni mzaliwa wa Tanga aliyeendesha mabasi mjini Swindon, Uingereza, kwa miaka 19. Amestaafu, na usukani uliobaki mkononi mwake ni wa gari lake dogo tu.

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mama yangu amekuja kutoka Pangani, yuko nasi hapa Slough kwa wiki sita. Ana miaka 68. Goti la kulia linamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Tumemzungusha madukani mpaka juzi akaniambia, "Mwanangu, maduka hata Tanga yapo. Nchi hii haina kitu cha zamani?" Ameona picha ya Stonehenge kwenye kopo la biskuti, sasa anataka kuyaona mawe yale kwa macho yake. Mume wangu anasema mawe ni mawe, na tiketi za watu watano ni pesa nyingi. Tuna gari, tuna watoto wawili, mmoja miaka 11 na mwingine 6, na tuna Jumamosi moja tu. Twende? Halafu Mama anauliza kama pale ni mahali pa mizimu, maana hataki kujiingiza kwenye mambo asiyoyajua.

Binti wa Pangani, Slough

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe Mama salamu, mwambie ni mtu wa Chumbageni anayemsalimu.

Mumeo mwambie kweli, mawe ni mawe. Na samaki ni samaki, lakini siku ukimwekea dagaa mahali pa nguru atalalamika.

Nendeni. Ila msianzie Stonehenge. Anzieni Avebury, na hata siku ikiwaishia hapohapo mtarudi Slough mmeshiba.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuijua. Kwa miaka minne nilipangiwa basi namba 49, linalotoka Swindon kwenda Devizes na kuendelea hadi Trowbridge. Barabara yake, A4361, inapita katikati ya duara la mawe la Avebury, ambalo ndilo kubwa kuliko maduara yote ya mawe duniani: kutoka upande hadi upande ni zaidi ya mita 300, na sehemu ya kijiji imejengwa humohumo ndani. Nilipita hapo mara nne kwa siku, na jicho langu lilikuwa kwenye kioo cha pembeni. Ile kona ya kijijini haimpi dereva nafasi ya kutalii.

Siku moja ya Septemba lori likamwaga marobota ya majani makavu barabarani, karibu na Beckhampton. Tukaambiwa tusubiri. Nikazima injini kituoni mbele ya Red Lion, baa iliyo ndani ya duara lenyewe, nikashuka kunyoosha miguu. Nikatembea hadi kwenye jiwe lililo ukingoni mwa barabara upande wa kaskazini, wanaliita Jiwe la Swindon. Lina tani zaidi ya 60. Basi langu likiwa tupu lilikuwa tani kumi na kitu, kwa hiyo fikiria mabasi matano yamekunjwa yakawa kitu kimoja, halafu kikasimamishwa kwa pembe yake. Nikaweka kiganja. Upande wa jua lilikuwa na uvuguvugu, upande wa pili baridi, kama ukuta wa nyumba ya mawe saa kumi jioni. Nilisimama pale mpaka abiria mmoja akaja kuniuliza kama naumwa.

Wenyeji wana hadithi kwamba saa sita usiku jiwe hilo huvuka barabara. Mimi nimeendesha basi la usiku pale na sikuwahi kukutana nalo, lakini sikatai kwamba nilikuwa napunguza mwendo.

Abiria aliyeniuliza alikuwa bibi mmoja wa palepale kijijini, na ndiye aliyenifungua macho. Alinionyesha ukuta wa nyumba, akasema, "Hilo nalo lilikuwa kwenye duara." Zamani mawe ya duara la nje yalikuwa kama mia moja. Katika karne za kati watu waliyaangusha na kuyafukia. Baadaye, miaka ya 1700 kwenda mbele, wakajifunza kuyapasua: wanachimba shimo chini ya jiwe, wanawasha moto mkali, likishapata joto wanalimwagia maji baridi na kulipiga nyundo. Vipande wakajengea. Mtu mmoja aitwaye William Stukeley alikuwepo miaka ya 1720 akichora kila kitu huku kikivunjwa mbele yake, na bila michoro yake tusingejua hata palipokuwa na nini.

Aliyeyarudisha yaliyobaki ni tajiri wa jemu ya machungwa kutoka Scotland, Alexander Keiller. Miaka ya 1930 alinunua ardhi ya pale, akachimba, akayasimamisha upya mawe yaliyofukiwa. Pale ambapo jiwe halikupatikana kabisa aliweka kinguzo cha saruji, kwa hiyo mtoto wako wa miaka 11 mpe kazi: ahesabu mawe na wewe hesabu vinguzo. Chini ya jiwe mojawapo, mwaka 1938, walikuta mifupa ya mwanamume mwenye mkasi na sarafu za fedha za karne ya 14. Wakamwita kinyozi, maana vinyozi wa zamani hizo walikuwa pia waganga wa kupasua watu. Kwa muda mrefu ilisemwa aliangukiwa na jiwe akiwa anasaidia kulifukia. Wataalamu wa baadaye wamelitilia shaka hilo. Mdogo wa miaka 6 usimwambie habari ya shaka, kisa kitakosa utamu.

Avebury hulipii kuingia, unalipia maegesho tu. Na mawe unaruhusiwa kuyagusa, kuyaegemea, kulia chakula chini yake. Hilo ndilo jambo kubwa kwa mtu kama Mama. Stonehenge utazunguka nje ya kamba na watu mia mbili wenye simu mikononi. Avebury atakaa juu ya khanga yake na mgongo ameuegemeza kwenye kitu kilichosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Sasa njia. Kutoka Slough shikeni M4 kwenda magharibi, mtoke makutano namba 14, mteremke Hungerford, muingie A4. Ramani ya simu itawataka muendelee hadi makutano ya 15 kwa sababu ni haraka zaidi. Msiisikilize, hamwendi kazini. A4 inawapitisha kando ya msitu wa Savernake, kisha Marlborough, mji wenye barabara kuu pana kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo pa chai na choo cha kwanza.

Mkitoka Marlborough, angalieni mashamba ya kulia. Mtaona vitu vya kijivu vimelala majanini mkadhani ni kondoo. Ni mawe. Wenyeji wenyewe huyaita kondoo wa kijivu, na ndiyo malighafi ya shughuli yote hii: mwamba mgumu wa mchanga unaoitwa saseni, umelala juu ya ardhi bila kuchimbwa. Upande wa kushoto, nyuma ya vilima, kuna msitu wa West Woods. Shikilia jina hilo, nitalirudia.

Kwenye kijiji cha West Kennett kuna kabarabara kembamba kulia, B4003. Pita hapo polepole, maana mawe yamesimama mawilimawili ubavuni mwa njia kama watu waliojipanga kupokea maharusi. Ni masalia ya barabara ya mawe iliyokuwa na urefu wa kilomita mbili na nusu. Kabarabara kanawatoa ndani ya duara kabisa. Mshushe Mama penye nafasi, lakini tafadhali si kwenye kituo cha basi, wenzangu watanilaani. Kisha baba wa watoto apeleke gari maegesho ya kusini mwa kijiji, arudi kwa mguu. Vyoo viko karibu na jumba la makumbusho.

Watoto washikeni mkono penye barabara. Magari yanapita katikati ya duara kwa mwendo ambao mimi nisingekuwa nao. Na mageti ya kondoo yafungeni nyuma yenu.

Goti: ndani ya duara ni majani tambarare, ataweza. Tuta linalozunguka ni mwinuko mkali wa chaki, na chaki ikilowa inateleza kuliko sabuni. Huko wapande watoto. Kutoka juu wataona handaki lililochimbwa na watu waliokuwa na pembe za kulungu badala ya sururu. Lilikuwa na kina cha mita tisa hivi, leo limejaa udongo zaidi ya nusu na bado linaweza kumeza nyumba.

Karibu na hapo, kwenye A4, kuna vitu viwili zaidi. Kilima cha Silbury mtakiona bila hata kushuka garini: kimejengwa kwa mikono, zaidi ya mita 30 kwenda juu, na ndani yake hakuna kitu. Wameshachimba tangu 1776 wakitafuta mfalme na dhahabu. Walichopata ni shimo, na shimo lenyewe likatitia mwaka 2000 ikabidi kilima kizibwe upya. Kupanda ni marufuku. Ng'ambo ya barabara, mwendo wa mita 800 kupandisha shambani, kuna kaburi refu la West Kennet, karibu mita 100, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,600. Unaingia ndani ukiwa umesimama. Watu wapatao 36 walizikwa humo. Mmoja wenu abaki na Mama garini, mwingine awapeleke watoto na tochi, wavae viatu vya matope. Ndani kuna jiwe lililolainishwa na wanoaji wa mashoka, laini kama kinoo cha bucha. Kati ya yote niliyoyaona mkoa huu wa Wiltshire, hilo ndilo lililonigusa: mawe mengine ni ya wakubwa, lile ni la fundi.

Na hapo naja kwenye Stonehenge, kwa sababu baba yangu alikuwa seremala wa milango. Mkiwa na nguvu baada ya chakula, ni kama dakika 45 kupitia Devizes na A360. Tiketi ni za saa maalumu, nunueni kabla kwenye mtandao. Kituo cha wageni kiko kilomita mbili na nusu kutoka kwenye mawe, na basi dogo linawapeleka, kwa hiyo goti limepona. Chukueni darubini. Mwonyeshe Mama jiwe refu kuliko yote: kichwani lina kinundu. Huo ni ulimi. Kila nguzo ilichongwa ulimi, na jiwe la juu likatobolewa tundu la kuupokea, na mawe ya juu yakashikana ubavuni kwa ulimi na mfereji kama mbao za mlango. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea mti, akapewa jiwe. Nilipoiona mara ya kwanza nilitamani mzee wangu angekuwepo, angesema tu "viungo vyake vimekaa," na kwake hiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa.

Yale makubwa, ya tani 25 hivi kila moja, mengi yalitoka West Woods, ule msitu mliouacha kushoto. Hilo lilithibitishwa mwaka 2020 tu, na kisa chake ni cha ajabu. Mwaka 1958 jiwe moja lililopasuka lilitobolewa ili litiwe vyuma, na mfanyakazi mmoja akaondoka na mche wa jiwe uliotoka kwenye tundu hilo, akakaa nao karibu miaka 60, hata alipohamia Marekani, akaurudisha uzeeni. Kwa kuupima huo wakajua asili. Mawe madogo, ya buluu, yalitoka Wales, zaidi ya kilomita 200. Na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba jiwe la katikati, la tani sita, limetoka kaskazini-mashariki mwa Scotland, si chini ya kilomita 750. Ni kama kulitoa Tanga hadi Dar es Salaam, ukasahau kitu, ukarudi nalo Tanga. Bila gurudumu.

Kuhusu mizimu, mimi si shehe na sitajifanya. Waliojenga hawakuacha hata herufi moja, kwa hiyo anayekwambia waliabudu nini hasa anakisia. Siku ya jua refu la Juni na fupi la Desemba huja watu wenye kanzu nyeupe na ngoma. Jumamosi ya kawaida mtakutana na kondoo na wastaafu. Ndani ya kaburi mnaweza kukuta mshumaa au ua limeachwa. Pita tu. Mama mkwe wangu, mwanamke asiyekanyaga mahali penye ubani asioujua aliyeufukiza, aliweka mkono kwenye jiwe la Avebury akasema, "Subhanallah, nani aliyelibeba?" Kisha akaomba chai. Kwa sala, Swindon iko mwendo wa nusu saa na ina msikiti. Au tandikeni majanini, pana nafasi.

Chakula bebeni. Chupa mbili za chai, mikate ya kumimina, kachori, na koti kwa kila mtu hata kama ni Julai. Upepo wa Wiltshire haujui mgeni.

SWALI

Mjomba, mimi sitaki maneno mengi. Stonehenge inaonekana bure au haionekani?

Mbana Matumizi, Leicester

JIBU

Inaonekana. Njia ya zamani ya umma inapita karibu na mawe, unatembea kwa miguu na unayaona juu ya ua bila tiketi. Ukiwa ndani ya gari kwenye A303 pia utayaona, na ndiyo sababu kila mtu hapo anapunguza mwendo na foleni haiishi. Walipanga kuchimba handaki la kupitisha magari chini kwa chini, serikali ikaufuta mpango huo mwaka 2024.

Lakini wewe una bahati kuliko wa zamani. Mwaka 1915 Stonehenge iliuzwa kwa mnada mjini Salisbury kama shamba lolote, ikanunuliwa na mwanasheria Cecil Chubb kwa pauni 6,600. Inasimuliwa kwamba mkewe alikuwa amemtuma viti. Mwaka 1918 akaitoa zawadi kwa taifa. Yule mke namfikiria mara kwa mara.

SWALI

Mjomba, nimesoma majibu yako mengi na kila mara ni Uingereza, Uingereza. Mimi nimezaliwa Lodwar. Barabara ya kwenda Kalokol tuna nguzo zetu za mawe, na bibi yangu alikuwa akisema walikuwa watu wanacheza ngoma. Hizo hujazisikia?

Mtoto wa Turkana, Bristol

JIBU

Nimezisikia, na umenikamata pabaya, maana sijafika. Nijuavyo ni haya. Zinaitwa Namoratunga, maana yake watu wa mawe, nguzo 19 za mwamba mweusi wa volkano, karibu na barabara kama usemavyo. Mwaka 1978 watafiti walidai zimeelekezwa kwenye nyota, na tangu hapo hoja hiyo imepingwa sana. Kinachonisisimua mimi ni umri. Kusini zaidi, huko Lothagam karibu na Ziwa Turkana, kwenye uwanja wa nguzo kama hizo, utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha wafugaji walizika watu wasiopungua 580, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Kwa hiyo wakati hawa wa Wiltshire wanahangaika na mawe yao, wenu walikuwa kazini vilevile kando ya ziwa.

Na kwa kuwa uko Bristol, nina zawadi yako. Kilomita kumi hivi kusini, kijiji cha Stanton Drew. Duara kubwa la pale lina kipenyo cha mita 113, la pili kwa ukubwa nchini baada ya Avebury, na hukuti basi la watalii hata moja. Mwaka 1997 walipopitisha mitambo ya kupima ardhi bila kuchimba, waligundua chini ya majani alama za duara tisa za mashimo, moja ndani ya nyingine, yaliyoshika nguzo za miti.

Lakini sikuelekezi kwa ajili ya mashimo. Waulize wenyeji mawe yale ni nini. Watakwambia ilikuwa harusi ya Jumamosi. Usiku wa manane mpiga zeze akagoma kuendelea kwa kuwa Jumapili imeingia, akatokea mgeni aliyevaa nguo nyeusi akapiga yeye, kasi ikazidi, wachezaji wakashindwa kuacha. Alfajiri wakawa mawe. Nyuma ya baa ya kijiji kuna matatu peke yake: bibi harusi, bwana harusi na kasisi.

Nenda umsimulie bibi yako kwa simu ukiwa umesimama palepale. Uwe na sarafu ya pauni mfukoni. Mimi nilikuta kisanduku langoni, hakuna mlinzi, na shamba lilikuwa na ng'ombe.